Gesi Iliyokuwa Njiani Mwaka 1917: Tarehe ya Seli ya Haidrojeni Katika Magari na Ndege

Tarehe 21 Novemba 1917, nchi yetu ikiwa katika mwaka wa nne wa vita vya Wajerumani na Waingereza, chombo cha angani kilichoitwa L59, chenye urefu wa mita 226, kikiwa kimejazwa gesi ya haidrojeni na kusheheni tani 15 za risasi, dawa na vifaa vya vita, kiliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria kikaelekeza omo yake kusini, makusudio yake yakiwa ni kumfikia Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye wakati huo alikuwa akirudishwa nyuma na askari wake kuelekea mto Ruvuma. Kilivuka bahari ya Mediterania, kikapita juu ya jangwa la Misri, na kilipokuwa kimekwisha kufika magharibi ya Khartoum kikapokea kwa simu ya upepo amri ya kurudi, kwa kuwa habari zilizofika Ujerumani zilisema hapakuwa na mahali salama pa kutua. Kikageuka, na tarehe 25 kikawasili kule kilikotoka, baada ya saa 95 hewani na mwendo wa kilomita 6,757, bila ya mtu hata mmoja wa nchi hii kukitia machoni.

Jambo linalostahiki kuangaliwa katika habari hii ni kwamba, hata lau kingefika, L59 hakikukusudiwa kurudi Ulaya asilani. Wakuu wake walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba kikitua kivunjwe, ngozi yake ishonwe mahema na nguo, bitana zake zifanywe bendeji, na mifupa yake ya madini isimamishwe kuwa minara ya simu. Na sababu ya shauri hilo ilikuwa nyepesi kueleweka, kwamba Afrika nzima ya Mashariki haikuwa na mahali pa kupata haidrojeni ya kukijaza tena. Chombo kiliweza kuja, lakini gesi yake haikuwako. Haidrojeni ile, kwa hakika, haikusukuma chombo wala haikuwasha taa. Kazi yake ilikuwa kukibeba hewani kwa wepesi wake, ilhali injini zilikunywa petroli kama motokaa yoyote ya zama zile. Hata hivyo nimeitanguliza habari yake kwa kuwa shida iliyoikabili safari hiyo ndiyo ninayoiona ikijirudia, mwongo hata mwongo, katika tarehe yote ya mashine nitakayoieleza hapa, nayo ni seli ya haidrojeni, kifaa kinachoigeuza gesi hiyo hiyo kuwa umeme bila moto na bila moshi.

Sombetini, kata iliyo upande wa magharibi wa jiji la Arusha, jirani na Unga Limited, si mahali ambapo mgeni angetazamia kuyakuta mazungumzo ya namna hii, ilhali kwa maoni yangu pana haki kuliko pengi. Maisha ya mji huu yanategemea vyombo viwili, navyo ni gari la watalii na ndege ndogo. Ndege aina ya Cessna Caravan huruka kutoka uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, zikipeleka wageni Seronera na kwingineko mbugani. Na Land Cruiser zirudipo kutoka Serengeti na Ngorongoro, zikiwa zimejaa vumbi jeupe hadi ndani ya vitasa vya milango, hupelekwa kwa mafundi. Nimemtazama fundi wa hapa akiwa chali juu ya kipande cha boksi chini ya gari la namna hiyo, akigonga bushi za springi kwa nyundo huku dizeli ikimdondokea begani, akatambua kwa sikio tu, kabla ya kufungua boneti, kwamba nozeli moja ilikuwa haipulizi sawasawa. Maarifa ya namna hiyo ni mali, nami naandika makala haya nikiwa na hofu kwamba mali hiyo yaweza kupitwa na wakati pasipo mtu kuijali.

Seli yenyewe ni kitu gani? Kila aliyepita kidato cha pili analikumbuka lile jaribio la kupitisha umeme wa betri katika maji yaliyotiwa asidi kidogo, mapovu yakapanda katika mirija miwili, ya upande mmoja yakiwa maradufu ya upande wa pili, kisha mwalimu akakaribisha kijiti chenye moto kwenye ule mrija wa gesi nyingi, ukasikika mlipuko mdogo na darasa zima likaruka. Seli ya haidrojeni ni jaribio hilo hilo likiendeshwa kinyume. Haidrojeni huingizwa upande mmoja na hewa yenye oksijeni upande wa pili, na kati yao huwekwa utando mwembamba unaokipa ruhusa kiini cha haidrojeni kupita na kuizuia elektroni yake. Nayo elektroni, kwa kukosa njia, hulazimika kuzunguka kwa waya wa nje ili kumfuata mwenziwe, na kule kuzunguka kwake ndiko umeme wenyewe. Zikutanapo tena, pamoja na oksijeni, hutoka maji na joto. Hakuna pistoni, hakuna plagi, hakuna ekzosi ipitishayo masizi. Kwa kuwa seli moja ikiwa kazini haitoi zaidi ya sehemu ya volti, kiasi cha 0.7 hivi, seli mamia hupangwa pamoja zikibanana kama sahani kabatini, na pande za utando hupakwa chembechembe za platini, madini ghali ambayo sehemu kubwa ya yachimbwayo duniani hutoka Afrika Kusini.

Maarifa haya si mapya hata kidogo. Katika zama za Seyyid Said bin Sultan, kabla haujapatikana mwanga wa umeme katika nyumba yoyote duniani, mtaalamu Christian Friedrich Schönbein wa Basel aliandika juu ya umeme utokao katika muungano wa gesi hizi mbili, na William Grove, wakili wa Wales aliyependa sayansi kuliko kesi, akatangaza jaribio lake mwaka 1839, kisha mwaka 1842 akaunda betri ya gesi kwa vipande vya platini vilivyochovywa katika asidi. Baada ya hapo ulimwengu uliipa kisogo. Dinamo ikapatikana, makaa ya mawe yakawa rahisi, petroli ikafuata, na betri ya Grove ikabaki kuwa ajabu ya vitabuni kwa muda wa karibu karne nzima.

Aliyeifufua alikuwa Mwingereza Francis Thomas Bacon, mhandisi aliyezaliwa Essex mwaka 1904, na habari zake nazipenda kupita za wengine wote katika tarehe hii, kwa kuwa alikuwa mtu wa karakana kabla ya kuwa mtu wa sifa. Mnamo mwaka 1932 alianza kushughulika na jambo hili, akafanya majaribio yake kwa siri katika kiwanda cha mitambo alichoajiriwa huko Newcastle, na wakuu wake walipotambua na kumtaka achague moja, ama kazi ama seli, akaiacha kazi. Aliiweka kando asidi na platini, akatumia potashi kali pamoja na nikeli, madini yapatikanayo kwa bei ya mtu wa kawaida, akahangaika na vizibo vilivyovuja na sahani zilizoliwa na kutu, na mwezi Agosti 1959, baada ya miaka 27, alisimama Cambridge mbele ya wageni na mtambo wa kilowati tano. Akauendeshea mashine ya kuchomelea, msumeno wa duara na foklifti. Msomaji wa Sombetini ataona kwamba mtambo ule haukuonyeshwa kwa taa za mapambo, bali kwa vyombo ambavyo hapa mtaani havikosekani hata siku moja.

Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, kampuni ya Allis-Chalmers ya Wisconsin nchini Marekani ilitoa trekta lenye seli 1,008, likalima shamba kwa nguvu za farasi 20 hivi, nalo limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian. Hicho ndicho chombo cha kwanza cha ardhini chenye kujulikana kilichoendeshwa kwa seli za namna hii, na ni trekta, si gari la anasa; jambo ambalo wakulima wa Meru na Karatu wangelifurahia lau wangeambiwa wakati ule.

Pwani yetu iliikaribia tarehe hii kwa muda mfupi. Pale Tunguu, Unguja, Wamarekani walijenga kituo cha kusikiliza vyombo vyao vya anga vya mpango wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 sauti yake ilipita juu ya minazi ya Unguja ikapokelewa huko. Vyombo vya Mercury vilitumia betri za kawaida, zikitosha kwa safari ya saa chache. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya iliamuru kituo kiondolewe, na mwezi Aprili kikafungwa. Na ikatokea kwamba chombo cha kwanza kilichobeba watu na seli za haidrojeni, Gemini 5, kiliruka Agosti 1965, yaani mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya kituo kuondoka. Safari ile ya siku nane isingewezekana kwa betri, kwa kuwa uzito wake ungekishinda chombo.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulize macho. Gemini 5 ilipofika angani mgandamizo ndani ya tangi la oksijeni ya seli ulishuka vibaya, kwa sababu kipasha joto cha tangi kilikuwa kimekufa, nusura safari ivunjwe siku ya kwanza. Seli zenyewe zilikuwa salama. Miaka mitano baadaye, Aprili 1970, Apollo 13 ikiwa njiani kwenda mwezini na seli tatu zilizotokana na kazi ya Bacon, tangi la oksijeni lililipuka, seli zikafa kwa kukosa chakula, na watu watatu wakajisitiri katika chombo cha kutulia mwezini chenye betri hadi waliporejea duniani. Huko nako kilichoharibika kilikuwa tangi. Nimeyapitia matukio mengi ya tarehe hii nikiitafuta siku ambayo seli yenyewe ndiyo iliyoleta msiba, na mara kwa mara nimejikuta narudi kwenye tangi, bomba na vali.

Magari yalifuata mkondo ule ule. Mwaka 1966 General Motors walitengeneza Electrovan, na ndilo gari la kwanza la barabarani la seli. Nalo, ingawa kwa umbo lilikuwa gari la abiria sita, lilikuwa na nafasi ya watu wawili tu, maana matangi ya haidrojeni na oksijeni za majimaji, pamoja na moduli 32 za seli na mabomba yake, yalijaza sehemu yote ya nyuma na kulifanya liwe na uzito wa zaidi ya tani tatu. Katika majaribio tangi moja lililipuka, vipande vyake vikaokotwa mbali, na gari halikupata kamwe kutoka nje ya viwanja vya kampuni. Mwaka 1970 Karl Kordesch, mtaalamu wa asili ya Austria aliyekuwa akifanya kazi Ohio, alichukua motokaa yake ya Austin A40, akaitoa injini, akapanga mitungi ya haidrojeni juu ya paa kama dereva wa mbugani apangavyo madumu ya akiba, na kwa miaka mitatu akaiendesha barabarani miongoni mwa watu, ikimchukua kilomita 300 kwa mitungi hiyo. Watengenezaji wakubwa walikuwa bado wanaandika taarifa. Yeye alikuwa anakwenda sokoni.

Mabasi yalijaribiwa Vancouver mwaka 1993 kwa seli za kampuni ya Ballard. Daimler wakatoa NECAR ya kwanza mwaka 1994, nayo ikawa tena ni gari lililojaa mitambo hadi mlangoni. Kisha yakaja yale magari ya maonyesho ambayo kila kampuni ilitaka kuwa nayo, kama vile Hy-wire ya mwaka 2002, isiyo na injini mbele wala nguzo ya usukani, iliyoficha seli na matangi yote ndani ya sakafu. Magari ya maonyesho ni mazuri kwa picha. La kununuliwa dukani na mtu yeyote lilichelewa: Toyota Mirai ilianza kuuzwa Japani Desemba 2014, ikibeba kiasi cha kilo tano za haidrojeni iliyogandamizwa mara 700 kuliko hewa ya kawaida, ndani ya matangi ya nyuzi za kaboni, na kwenda kilomita 500 bila kujaza. Kwa kipimo chetu, ingetoka Arusha ikafika Dodoma na kubakiza akiba. Lakini pale Dodoma ingesimama, maana hapana mtu wa kuijaza, na hata kurudi Arusha isingeweza. Na hayo ndiyo yaliyokuwa ya L59.

Katika ndege maendeleo yamekuwa ya polepole zaidi, na kwa haki, kwa kuwa hewani hakuna mahali pa kuegesha. Mwezi Februari na Machi 2008 Boeing walirusha ndege ndogo yenye rubani mmoja huko Ocaña, Hispania, ikapanda kwa msaada wa betri hadi mita 1,000, kisha kwa dakika 20 hivi ikaenda kwa nguvu ya seli peke yake. Mwaka uliofuata, huko Hamburg, ndege ya Antares ikaweza hata kupaa kwa seli bila msaada wa kitu kingine. Na tarehe 29 Septemba 2016 HY4, yenye viti vinne na viwiliwili viwili, iliruka Stuttgart. Kisha yakaja makubwa kidogo. Tarehe 19 Januari 2023 kampuni ya ZeroAvia ilirusha Uingereza ndege ya Dornier 228, injini yake ya kushoto ikiwa ya umeme wa seli na betri na ya kulia ikiwa ya kawaida, kwa dakika kumi. Tarehe 2 Machi mwaka huo huo Universal Hydrogen walirusha Dash 8 huko Moses Lake, Marekani. Na Septemba, pale Maribor nchini Slovenia, HY4 ikakaa hewani zaidi ya saa tatu kwa haidrojeni ya majimaji iliyopozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata Universal Hydrogen ilifunga milango kwa kukosa fedha, na mwezi Februari 2025 Airbus, waliokuwa wameahidi ndege ya haidrojeni ifikapo mwaka 2035, walisema ahadi hiyo itachelewa. Miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba haidrojeni yenyewe haijapatikana ya kutosha katika viwanja.

Watu wa Afrika Mashariki hawakuwa watazamaji tu katika haya, ingawa njia waliyoshika ilikuwa ya betri. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walioshiriki na wenzao wa nje katika gari la Vision 200 walirudi Kampala wakaunda la kwao, Kiira EV, gari la viti viwili la umeme lililoendeshwa kwa mara ya kwanza chuoni Novemba 2011, na Februari 2016 basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa likaonyeshwa kwa umma. Nairobi kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na sasa inaitwa Roam, iligeuza Land Cruiser za mbugani kuwa za umeme. Hapa Arusha kwetu kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilizindua mwaka 2018 magari ya watalii ya umeme yenye kuchajiwa kwa jua, na wageni wakapata kuingia Serengeti pasipo muungurumo wala moshi, wakamsikia simba anavyopumua. Kwa upande wa haidrojeni, Kenya ilitoa mpango wake wa taifa Septemba 2023, ikitegemea mvuke wa Olkaria. Na mpango huo umejengwa zaidi juu ya mbolea kuliko magari, uamuzi ninaouona kuwa wa busara.

Sasa niseme lililo moyoni. Kwa gari la watalii, na kwa motokaa yoyote irudiyo nyumbani jioni, betri imekwisha kushinda, na si kwa bahati. Umeme ukipitia betri sehemu yake kubwa hufika magurudumuni. Ukipelekwa kwanza kutenga maji, kisha kugandamiza gesi, kisha kurudishwa kuwa umeme ndani ya seli, hufika theluthi yake tu. Mtu anayetaka kugeuza Land Cruiser yake leo asipoteze wakati wake na haidrojeni. Ndege ni habari nyingine. Caravan ya betri iliruka Moses Lake tarehe 28 Mei 2020 kwa dakika 30, na watu wakashangilia kwa haki, lakini kutoka Kisongo hadi Seronera ni kiasi cha saa nzima, na akiba ya usalama lazima iwepo juu ya hiyo saa. Betri zikiongezwa, abiria hupunguzwa. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati mara tatu hivi ya kilo moja ya petroli, na hapo ndipo seli inapodai nafasi yake. Nao ZeroAvia na watengenezaji wa Caravan walipatana mwaka 2022 kuitengenezea ndege hiyo hiyo injini ya seli. Kwa hiyo chombo ambacho mtoto wa Sombetini hukitazama kila siku kikipita juu ya bati la nyumba yao kimo katika orodha ya vya kwanza kuguswa.

Tuhesabu basi gharama kwa vipimo vya mtaani. Kilo moja ya haidrojeni hutoka katika lita tisa za maji safi na uniti zipatazo 50 za umeme au zaidi. Kilo tano za Mirai zingetaka maji ya madumu mawili ya lita 20 na ziada ya lita tano, na uniti 250 na ushee. Maji si mengi. Tatizo la Arusha ni usafi wake. Miteremko ya Meru, mlima wa moto wenye mita 4,566, hutoa maji yenye floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia Ngongongare na Ngurdoto ni ushahidi usiohitaji maabara. Mtambo wa kutenga maji hauyataki maji ya namna hiyo, wala ya chumvi. Unataka maji yaliyosafishwa hadi yasibaki na kitu. Lakini hapa hapa, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, Askwar Hilonga alitengeneza chujio la chembe za nano kwa ajili ya floraidi na uchafu mwingine, akapewa mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa uhandisi itolewayo na wahandisi wa Uingereza. Na seli, ifanyapo kazi, hurudisha maji yale yakiwa safi. Wanaanga wa Apollo waliyanywa njiani.

Umeme ni swali gumu zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, na Machi mwaka huo baadhi ya vituo vidogo vya maji vilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi matumizi. Ilhali Machi 2025 serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu ule wa kusini hupotea njiani. Yaani umeme uliozidi uko mbali, na uwanja wa ndege uko huku. Mtu mwenye fikra za haraka atasema haidrojeni na itengenezwe Rufiji ipandishwe kwa malori kama ipandishwavyo mafuta ya ndege leo kutoka bandarini. Mimi sikubaliani naye, kwa kuwa gesi ambayo kilo moja yake hujaza zaidi ya lita 11,000 isipogandamizwa humaliza faida yake barabarani. Ni afadhali itengenezwe pale inapotumiwa, kwa jua la Kisongo lenyewe, hata kama itakuwa kidogo.

Nalo hilo si geni kwa mji huu. CAMARTEC, taasisi ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, ilianza mwaka 1983 pamoja na Wajerumani kujenga mitambo ya gesi ya kinyesi cha ng'ombe, na kuba la kufukiwa ardhini lililobuniwa Arusha likaenda nchi nyingine likiwa na jina la CAMARTEC mgongoni. Waashi waliojenga makuba yale walijifunza jambo moja ambalo wahandisi wa Electrovan walilijua kwa gharama kubwa zaidi: gesi haisamehi ufa. Walifundishwa kupaka lipu ya ndani tabaka juu ya tabaka, kujaza maji na kungoja, kisha kupima kama yameshuka. Haidrojeni ni nyembamba kuliko gesi ya samadi na hupenya panapopenyeka, hata chuma huweza kukifanya kivunjike kwa kukaa ndani yake. Lakini adabu ya kazi ni ile ile.

Kwa nyanda hizi za juu yako mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya huyataja kwa ufupi. La kwanza ni hewa: seli huvuta oksijeni yake hewani, na juu ya mita 1,387 hewa ni nyepesi, hivyo lazima iwepo pampu ya kuisukuma, nayo pampu hula sehemu ya umeme ule ule. La pili ni vumbi na moshi. Platini hudhurika na hewa ya kaboni monoksaidi na salfa, vitu ambavyo malori mabovu ya barabara ya Dodoma huvimwaga bila hesabu, na chujio la hewa litakalofaa hapa halitakuwa lile lililopimwa Stuttgart wakati wa theluji. Nani atakayelijua hilo mapema kuliko fundi ambaye amesafisha vichujio vya magari ya mbugani tangu utoto wake?

Ombi langu kwa wasimamizi wa uwanja wa Kisongo, kwa Taasisi ya Nelson Mandela, kwa Chuo cha Ufundi Arusha na kwa CAMARTEC ni kwamba wasingoje hadi ndege ya kwanza ya seli ije kuomba kujazwa. Wajenge sasa kituo kidogo cha mafunzo, chenye paneli za jua, mtambo wa kutenga maji, tangi moja lenye vali zake na seli moja ya kilowati tano kama ya Bacon, na waitumie hiyo seli kuendesha mashine ya kuchomelea. Kisha wawaite mafundi wa Sombetini na Unga Limited waje kufungua na kufunga matangi, kutafuta uvujaji na kubadili vichujio, na mafunzo hayo yatolewe kwa Kiswahili na yawe ya jioni, kwa kuwa fundi mwenye gari la mteja juu ya jeki hawezi kuliacha mchana.